Kumbukumbu Ijazwe Sifuri Kabla ya Kugawiwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Programu ikiomba kumbukumbu, hupewa kipande ambacho kimekwisha kupita mikononi mwa wengine. Je, kipande hicho kifutwe kwanza, kila baiti iwe sifuri, au kikabidhiwe kama kilivyo na mpokeaji ajue la kufanya? Wanaoandika programu kwa C na C++ wamebishana juu ya hili kwa miaka mingi, na kila upande una hoja za kusikilizwa. Naona wengi hubishana kabla ya kuuliza kufuta huko ni kwa faida ya nani: anayepokea kipande, au aliyekiacha. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye swali hilo.

Kwani kipande kisichofutwa kina nini ndani yake?

Kina mabaki. Ukiita free, amri ya C ya kurudisha kipande usichokihitaji tena, hakuna kinachofutwa. Mgawaji (ndivyo nitakavyoiita ile sehemu ya maktaba ya C inayogawa kumbukumbu ndani ya programu) huandika tu kwenye daftari lake kwamba kipande kiko wazi.

Tutazame kwa karibu. Seva inapokea nenosiri la herufi 24, inaliweka kwenye kipande cha baiti 64, inalihakiki, kisha inaita free. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya C inayotumiwa na Linux nyingi) ya siku hizi, kipande hicho huingia kwenye orodha ya vipande vilivyoachwa karibuni, na mgawaji huzitumia baiti 16 za mwanzo kwa shughuli za orodha yake. Herufi 16 za nenosiri zimefunikwa. Herufi ya 17 hadi ya 24 bado zipo, zimekaa kimya. Punde si punde uzi uleule (mfululizo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) unaomba tena baiti 64, na mgawaji anaupa kipande kilekile, kwa kuwa ndicho cha mwisho kuachwa na bado kiko kwenye kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa. Msimbo mpya ukijaza baiti 10 halafu ukatuma zote 64 kwa mteja, mteja huyo amepokea theluthi ya nenosiri la mtu mwingine. Hakuna aliyevunja mlango wala kuotea neno lolote.

Ina maana programu yangu inaweza kupewa mabaki ya programu ya mtumiaji mwingine?

Hapana, si kwa njia ya kawaida. Kumbukumbu hugawiwa kwa ngazi mbili. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, hugawa kwa jumla, kurasa nzima nzima, za baiti 4096 kwenye prosesa za x86. Mgawaji hugawa kwa rejareja, ndani ya programu moja.

Kwenye ngazi ya jumla hakuna mjadala. Linux, Windows, macOS na jamii ya BSD zote hukabidhi kurasa mpya zikiwa zimejaa sifuri. Kurasa zinazoombwa kwa mmap (wito wa Unix wa kuomba kurasa) bila faili huja na sifuri. Za VirtualAlloc, wito wa Windows wa kazi hiyo, vilevile. Windows ina hata uzi maalumu wa kerneli, wenye kipaumbele 0, cha chini kuliko vyote, ambao kazi yake ni kujaza sifuri kurasa zilizoachwa wakati prosesa haina jambo jingine la kufanya. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, katika vigezo vyake vya kutathmini mifumo ya kompyuta, ilitaka mifumo ya daraja la C2 na kupanda ihakikishe kwamba kinachotumiwa tena hakimpelekei mtumiaji mpya habari za yule wa zamani.

Linux imeacha mlango mmoja: bendera ya MAP_UNINITIALIZED, inayoomba kurasa zisizofutwa, iliyowekwa kwa ajili ya vifaa vidogo, nayo haifanyi kazi mpaka kerneli iwe imekompailiwa (imegeuzwa kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine) makusudi kuiruhusu. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja mlango huo ubaki umefungwa. Kufuta baina ya mtumiaji na mtumiaji ni haki ya yule aliyetangulia, na wepesi wa programu hauwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya.

Basi malloc, amri ya C ya kuomba kumbukumbu, inajaza sifuri au haijazi? Mbona kila nikijaribu napata sifuri tupu?

Haijazi. Kiwango cha lugha ya C kinasema wazi kwamba yaliyomo kwenye kipande cha malloc hayajulikani.

Unapata sifuri kwa sababu majaribio yako ni mafupi. Programu inapoanza, mgawaji hana akiba, kwa hiyo anaomba kurasa kwa kerneli, na kurasa hizo zimefutwa. Vipande vya mwanzo vinakatwa kutoka humo na vinakuja safi. Programu ikishaishi kidogo, ikaomba na kuacha, ikaomba na kuacha, vipande vinaanza kuzunguka humo humo ndani na mabaki yao. Ndiyo maana kosa la kusahau kuweka thamani ya mwanzo halionekani kwenye jaribio la sekunde tatu, ila hujitokeza kwenye seva iliyokwisha kukesha siku kumi. Anayelalamika kwamba "kwangu inafanya kazi" anasema kweli kabisa; tatizo ni kwamba kwake haijapata muda wa kuchafuka.

calloc, amri inayogawa kipande kilichojaa sifuri, si malloc na memset (amri ya kujaza baiti) tu?

Wengi hufikiri hivyo, na ni kosa lenye gharama.

Kwanza, calloc hupokea idadi na ukubwa, na kabla ya kuzidisha huangalia kama jibu litafurika. Ukiandika mwenyewe malloc(n * ukubwa), na n imetoka kwa mtu wa nje, anaweza kuchagua namba itakayozidishwa ikazunguka na kuwa ndogo. Utapewa kipande kidogo huku wewe ukiamini ni kikubwa.

Pili, calloc inajua kipande kimetoka wapi. Ukiomba gigabaiti 1, mgawaji hukichukua moja kwa moja kwa kerneli, na kwa kuwa kurasa hizo zimekwisha kuwa na sifuri, hafuti tena. Tena kerneli yenyewe haijazitoa kurasa: imekuandikia ahadi tu. Ukurasa halisi hupatikana, na kujazwa sifuri, siku utakapouandikia. Ukiusoma kabla ya hapo, Linux hukuonyesha ukurasa mmoja wa sifuri unaotumiwa kwa pamoja na kila anayesoma. Kwa hiyo calloc ya gigabaiti 1 hurudi papo hapo, ilhali malloc ikifuatiwa na memset hugusa kila ukurasa, hulazimisha kerneli kuutoa, na kumbukumbu hiyo yote inahesabiwa kuwa imetumika hata kama ulihitaji kona yake tu.

Jihadhari na realloc, amri ya kubadilisha ukubwa wa kipande. Ukirefusha kipande ulichokipata kwa calloc, nyongeza haijazwi sifuri. Na kipande kikihamishwa, kile cha zamani kinaachwa nyuma na kila kilichokuwamo.

Gharama ya kufuta ni kubwa kiasi gani?

Ndogo kuliko inavyodhaniwa na wanaoipinga, kubwa kuliko inavyodhaniwa na wasiopima.

Kerneli ya Linux toleo la 5.3, la Septemba 2019, iliongeza chaguo mbili za kuwashia mfumo: init_on_alloc, inayojaza sifuri wakati wa kugawa kumbukumbu ya kerneli, na init_on_free, inayojaza wakati wa kuachwa. Maelezo ya usanidi wa kerneli yenyewe yanasema ya kwanza hupunguza kasi kwa chini ya asilimia 1 kwa kazi nyingi, ingawa baadhi ya majaribio ya kutengenezwa yalifika asilimia 7. Ya pili hugharimu asilimia 3 hadi 5 kwa kawaida, na imewahi kufika 8.

Tofauti hiyo inatokana na kache. Ukifuta wakati wa kugawa, kumbukumbu unayoifuta inakaribia kutumiwa, kwa hiyo unailetea prosesa karibu. Mpokeaji akija anaikuta imeshawekwa tayari. Ukifuta wakati wa kuacha, unaweza kuivuta kwenye kache kumbukumbu ambayo hakuna atakayeigusa kwa muda, na kusukuma nje vitu vilivyokuwa vinatumika.

Penye maumivu ya kweli ni kwenye vipande vikubwa vinavyoandikwa upya mara moja. Ukiomba megabaiti 1 ili uijaze data kutoka kwenye faili, kuijaza sifuri kwanza ni kuiandika mara mbili. Kufanya hivyo mara elfu kwa sekunde kunaonekana.

Kipi bora: kufuta wakati wa kugawa au wakati wa kuacha?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kwanza, maana haya ni mambo mawili yanayofanana kwa sura tu.

Kufuta wakati wa kugawa humlinda mpokeaji. Akisahau kuweka thamani ya mwanzo, atakuta sifuri badala ya takataka. Matokeo ya programu hayabadiliki leo na kesho kwa sababu ya mabaki.

Kufuta wakati wa kuacha humlinda aliyetoka. Siri yake haikai kwenye kumbukumbu ikingoja kipande kiombwe tena, jambo linaloweza kuchukua siku au lisitokee kabisa. Mwaka 2008 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba chipu za DRAM hubaki na yaliyomo kwa sekunde, hata dakika, baada ya umeme kukatwa, na zikipoozwa hukaa zaidi. Walitoa funguo za diski zilizosimbwa kwa njia hiyo. Dhidi ya shambulio la namna hiyo, kufuta wakati wa kugawa hakusaidii chochote: kipande kilichoachwa bado kimejaa.

Je, ukifuta wakati wa kuacha unaweza kuacha kufuta wakati wa kugawa? Inavutia, ila ina mtego. macOS 13, ya mwaka 2022, ilianza kujaza sifuri vipande vinavyoachwa, na maelezo ya toleo yakawaonya wasanidi: programu yenye kosa la kuandika kwenye kipande ilichokwisha kukiacha inaweza kusababisha calloc inayofuata kurudisha kipande kisicho sifuri. Mgawaji alifuta, akaamini kazi imekwisha, na kati yake kuna aliyerudi kuchafua.

Kufuta kungezuia Heartbleed?

Kungepunguza hasara, kusingezuia. Kosa hilo la OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na seva nyingi, lililotangazwa Aprili 2014, lilimruhusu mtu wa nje atume ujumbe mfupi na kudai ni mrefu; seva ilimwamini na kumrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu iliyokuwa jirani. Kujaza sifuri kipande cha jibu kusingesaidia, kwani kilikuwa kinajazwa data iliyonakiliwa kutoka nje ya mpaka. Kufuta vipande vinavyoachwa kungeondoa mabaki ya maombi yaliyopita, lakini data iliyo hai bado ingetoka.

Kuna jambo jingine la kujifunza humo. OpenSSL ya wakati huo ilikuwa na orodha yake yenyewe ya vipande vya kutumia tena, hivyo vipande vilizunguka bila kumfikia mgawaji wa mfumo. Mfumo ungeweza kuwa na kinga zote duniani na zisiguse vipande hivyo. Ukijijengea akiba yako ya vipande, jukumu la kufuta limekuhamia wewe.

Je, sifuri haifichi makosa?

Huficha, na wanaoleta hoja hii wana haki. Programu iliyosahau kuweka thamani, ikapewa sifuri, huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Zana kama Valgrind na MemorySanitizer hufuatilia kila biti kujua kama imewekwa thamani. Ukitumia calloc kila mahali, zana hizo huona kila kitu kimewekwa na kunyamaza.

Kubwa zaidi, sifuri si thamani isiyo na maana. Kwenye Unix, mtumiaji namba 0 ndiye root, mwenye mamlaka yote. Sahau kujaza uga wa mtumiaji kwenye muundo uliofutwa, na umempandisha mgeni cheo. Faili namba 0 ni ingizo la kawaida la programu. Msimbo wa kufunga faili ukikuta muundo ambao haukujazwa utafunga ingizo lako. Na kill ikipewa mchakato namba 0 hutuma ishara kwa kundi zima la michakato, wewe ukiwamo.

Hata hivyo, ukilazimika kuchagua thamani moja ya kuweka kila mahali, siijui iliyo salama kuliko sifuri. Kielekezi (thamani inayotaja anwani ya kumbukumbu) cha sifuri huangusha programu papo hapo, mahali panapoonekana. Urefu wa sifuri haunakili kitu. Kielekezi chenye takataka huenda kikaelekeza mahali halali, na takataka hiyo inaweza kuwa imeandaliwa na mshambuliaji aliyekitumia kipande kabla yako.

Dawa ya kuficha makosa ni kutotumia sifuri wakati wa majaribio. Maktaba ya majaribio ya Visual C++ hujaza 0xCD (thamani ya baiti kwa namba za msingi wa 16) kwenye kipande kipya na 0xDD kwenye kilichoachwa. OpenBSD hujaza 0xDF kwenye vilivyoachwa. Ukiona kielekezi kimejaa DF tupu kwenye ripoti ya kuanguka, umeshajua nusu ya habari: kuna aliyetumia kipande baada ya kukiacha. Jaribu kwa takataka inayotambulika, peleka kwa watumiaji ikiwa na sifuri.

Kwa kuwa mabaki hayatabiriki, naweza kuyatumia kama chanzo cha namba nasibu?

Usithubutu. Mabaki hayajulikani kwako, lakini hayo hayamaanishi ni nasibu. Mara nyingi ni yaleyale kila programu inapoanza.

Historia ina somo chungu hapa. OpenSSL ilikuwa ikichanganya pia kumbukumbu isiyowekwa thamani kwenye bwawa lake la unasibu, na Valgrind ikawa inalalamika. Mwaka 2006, katika kifurushi cha Debian (mojawapo ya mifumo ya Linux), mistari iliyolalamikiwa iliondolewa, na pamoja nayo uliondoka mstari uliokuwa ukiingiza unasibu wa kweli. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, isiyozidi uwezekano 32,768. Iligunduliwa Mei 2008, na funguo zilizotengenezwa kwa miaka hiyo karibu miwili zikalazimika kubadilishwa. Mabaki yasiyo na faida yoyote ndiyo yaliyoleta makelele yaliyosababisha chanzo halisi kung'olewa.

Nafuta ufunguo kwa memset kabla ya free. Inatosha?

Huenda haifuti kabisa. Kompaila ikiona unaandika kwenye kipande ambacho hakitasomwa tena, ina ruhusa ya kuondoa uandishi huo kama kazi bure, na kompaila za leo huutumia uhuru huo. Tumia explicit_bzero (ipo OpenBSD tangu 2014, na glibc tangu toleo la 2.25 la mwaka 2017), SecureZeroMemory kwenye Windows, au memset_explicit iliyoingizwa kwenye C23. Na kumbuka nakala nyingine: realloc iliyohamisha kipande, akiba ya kuchapisha, kigezo kilichobaki kwenye stafu ya wito (stack, kumbukumbu ya muda ya kila wito).

Java, Go na Rust zinahusika?

Java na Go huahidi thamani ya mwanzo kwa kila uga, hivyo wagawaji wao hufuta, na kompaila hujaribu kuruka pale inapothibitisha kwamba data itaandikwa mara moja. Rust hukataa kukompaili msimbo wa kawaida unaosoma kisichowekwa thamani, kwa hiyo haihitaji kulipia kufuta. Lakini zote tatu hulinda mpokeaji. Kuhusu siri ya aliyetoka haziahidi kitu.

Mimi naandika kiendeshi cha kerneli. kmalloc au kzalloc?

kzalloc, ambayo hujaza sifuri (kmalloc haijazi), isipokuwa uwe na vipimo mkononi.

Chukua muundo wenye baiti moja ya aina ikifuatiwa na namba ya baiti 8. Kompaila huacha baiti 7 katikati ili namba ikae mahali panapogawanyika kwa 8. Unajaza nyuga zote mbili kwa uangalifu, unanakili baiti zote 16 kwa programu ya mtumiaji, na umempa baiti 7 za kumbukumbu ya kerneli kila anapouliza. Ukikagua msimbo kwa macho hutaona kosa, maana hakuna uga uliosahaulika. Kwa mshambuliaji, vipande vya anwani za kerneli vinavyovuja hivyo vinatosha kubatilisha ulinzi wa kupanga anwani kinasibu. Hapa ndipo naposimama imara zaidi: hatuwezi kumtegemea mwanadamu akumbuke nafasi ambazo hata jina hazina.

Vigezo vya kwenye stafu havipiti kwa mgawaji, na vina hatari ileile. Kwa hivyo kuna chaguo la kompaila, -ftrivial-auto-var-init=zero, ambalo GCC ililipata kwenye toleo la 12 mwaka 2022.

Naandika mgawaji wangu mwenyewe. Niweke desturi gani?

Njia ya kawaida ijaze sifuri. Njia isiyojaza iwepo, ila iwe na jina refu linalosema wazi inachofanya, ili anayekagua msimbo aione bila kutafuta, na anayeitumia aandike kando yake kipimo kilichomshawishi. Watu wa akiba za mtandao na wa kusoma faili wataitumia kwa haki.

Toa njia ya tatu ya kuacha kipande chenye siri, inayofuta kwa namna ambayo kompaila haiwezi kuiondoa. Weka hali ya majaribio inayojaza ruwaza badala ya sifuri. Na kama utafuta wakati wa kuacha ukategemea sifuri hizo wakati wa kugawa, basi katika hali hiyo ya majaribio kagua kila kipande kabla ya kukitoa: ukikuta baiti moja isiyo sifuri, simamisha programu hapohapo na uchapishe anwani ya kipande pamoja na mahali kilipoachwa mara ya mwisho.